Mtu Aliyesimama: Simu, Televisheni na Mashabiki wa Katanga

Mhadhara kwa wakazi wa Pweto, Haut-Katanga

Nimeombwa nizungumze juu ya mitandao ya kijamii na watu wanaopenda vipindi vya televisheni. Naomba nianze na mtu mmoja ambaye hakuna hata mmoja wetu humu aliyewahi kumpa mkono. Hata hivyo nikimtaja, mtoto wa darasa la kwanza atajua la kufanya: atasimama wima na kuinua mkono wake wa kulia.

Anaitwa Michel Kuka Mboladinga. Wengi wanamjua kwa jina la Lumumba Vea. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililoanza Moroko Desemba 2025, kila Leopards, timu yetu ya taifa, walipoingia uwanjani, yeye alipanda mahali pa juu kati ya mashabiki, amevaa suti, akainua mkono na kubaki hivyo bila kutikisika mpaka filimbi ya mwisho. Ndivyo inavyosimama sanamu ya Patrice Lumumba kule Limete, Kinshasa. Tarehe 23 Desemba tuliifunga Benin 1–0, yeye amesimama. Tarehe 27 tukatoka sare 1–1 na Senegal, amesimama. Tarehe 30 Botswana wakala matatu, watu wote wakaruka na kukumbatiana, na yeye hakusogeza hata kidole. Tarehe 6 Januari 2026 Algeria walitutoa kwa goli la dakika ya 119, na hapo ndipo machozi yalipomshinda.

Jana nilitembea sokoni hapa Pweto, kati ya meza za makayabu na marundo ya chisense, nikawa nauliza swali moja: nani aliiangalia mechi ya Botswana tangu mwanzo hadi mwisho? Waliosema ndiyo nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nikauliza tena: nani alimwona mtu yule aliyesimama? Wakacheka, maana walimwona wote. Mama mmoja alimwona kwenye simu ya mwanawe, mwingine kwenye stetasi ya mdogo wake aliyeko Likasi, na kijana mmoja alikuwa na vipande saba vya video yake kwenye simu ambayo haina hata kadi ndani. Alivipokea kwa rafiki, simu kwa simu.

Watu hao ni watazamaji wa televisheni wasiokuwa na televisheni. Wameipokea kazi ya kamera za Moroko, wameifurahia, wameibishania, lakini hawakuipokea kutoka kituo chochote. Waliipokea kutoka kwa shabiki mwingine aliyeamua kwamba hiki kifike na kile kisifike. Zamani kituo ndicho kilichopanga tuone nini na saa ngapi, na sisi tukakusanyika mbele yake. Leo shabiki ndiye anayekata, anayechagua na anayetuma. Amekuwa mpangaji wa vipindi, na pia mtunza kumbukumbu, bila mtu kumkabidhi ofisi. Kile asichokikata hakifiki Pweto. Na kisichofika kwenye simu kinaanza kusahauliwa, hata kama baba zetu walikipenda kuliko kingine chochote. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Nisieleweke kwamba jamii ya mashabiki ililetwa na intaneti. Simu iliikuta. Sisi watu wa Katanga tungekuwa wa mwisho kusahau hilo, kwa sababu tuna Tout Puissant Mazembe, timu iliyoanzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenediktini pale Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na ambayo imetulea sote, pamoja na wale wasioipenda.

Wenye umri wangu wanakumbuka Desemba 2010. Mazembe walikwenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu, wakaifunga Pachuca ya Meksiko 1–0. Tarehe 14 wakakutana na Internacional ya Brazili. Mulota Kabangu akafunga dakika ya 53, Dioko Kaluyituka akaongeza la pili dakika ya 85, na golikipa wetu Robert Kidiaba akakaa chini, akarukaruka kwa makalio yake kutoka golini kwenda mbele kama mtoto mwenye furaha isiyo na mahali pa kuiweka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa klabu ya Afrika kufika fainali hiyo. Mimi nilikuwa Lubumbashi, Katuba, kwenye lupango la jirani. Televisheni moja ilikuwa imewekwa dirishani, ikiwa imegeuzwa kuelekea nje, na watu walijaa mpaka barabarani. Waliokuwa mbele waliona. Waliokuwa nyuma waliambiwa na waliokuwa mbele. Wa nyuma kabisa walisikia kelele tu, na wao pia walishangilia. Hata leo nikiulizwa jamii ya mashabiki ni nini, ninauona ule mstari wa maneno uliotoka dirishani hadi barabarani.

Naomba tukumbuke pia tarehe 18 ya mwezi ule, kwa sababu ni rahisi kusema kwamba zamani tulikuwa wema na simu ndiyo imetuharibu. Mazembe walifungwa 3–0 na Inter ya Milano. Mwamuzi alikuwa Yuichi Nishimura, Mjapani. Lubumbashi ukazuka uvumi kwamba mwamuzi ni Mchina na ametuibia, na usiku ule vijana wakashambulia maduka ya Wachina, watu ambao hawakuwa na uhusiano wowote na mechi, wala na Japani. Uvumi ule haukuhitaji WhatsApp. Ulipita katika mstari uleule wa maneno, kutoka dirishani hadi barabarani. Simu imeupa mstari huo urefu na kasi. Tabia yake ilikuwapo tayari.

Sasa twende kwa akina mama, ambao katika mazungumzo ya namna hii huwekwa pembeni kana kwamba ushabiki ni wa mpira tu. Katika nyumba nyingi za Lubumbashi anayeshika rimoti saa za jioni ni mama, na anachoangalia ni tamthilia: za Meksiko, za Brazili, za Uturuki, za India, za Nigeria, zote zikizungumza Kifaransa walichotiliwa waigizaji kinywani huko Ulaya au kwingineko. Dekoda inalipiwa kwa mwezi. Lupango moja likilipia, malupango matatu yanaangalia.

Shangazi yangu ni mmoja wa hao wenye dekoda. Kila usiku kipindi kikiisha, anatoka nje, anakaa kwenye kiti chake cha plastiki, anashika simu karibu na mdomo na kusimulia. Anasimulia kwa Kiswahili chetu cha Katanga, dakika nne au tano, anapumzika, anaendelea. Sauti hizo anazituma kwenye kundi la wanawake wa ukoo na marafiki. Wako wa Kilwa, wako wa hapa Pweto, yuko mmoja wa Ndola, ng'ambo ya mpaka. Wengi wao hawakijui Kifaransa vya kutosha kufuata tamthilia, na hawana dekoda. Lakini ukiwauliza habari za yule binti maskini aliyebadilishwa hospitalini siku aliyozaliwa, watakueleza kuliko aliyeiangalia.

Nilimsikiliza shangazi kwa makini siku moja, nikagundua kwamba hatafsiri. Anaitunga upya. Mama mkwe wa kwenye tamthilia anampa sauti ya mama mkwe tunayemjua sote katika ukoo. Tajiri akimnyanyasa mfanyakazi wa nyumbani, anasimama na kuwaambia wanaomsikiliza wawatazame vizuri wasichana wanaowafulia nguo. Tukio likiwa la aibu analipita kwa sentensi moja, na kila mtu anaelewa. Huu ni ufundi wa kale katika nchi hizi. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam alisifika Lufufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kenya wanaye DJ Afro. Kampala VJ Jingo alizisimulia kwa Kiganda mpaka watu wakawa wanauliza kwanza nani anasimulia, halafu ndipo waulize filamu gani. Shangazi yangu hajawahi kusikia hata jina moja kati ya hayo, na kazi yake ni ileile.

Kwa nini sauti, na si video? Kwa sababu ya mega za intaneti. Dakika tano za sauti hula mega chache sana. Dakika tano za video zingemmalizia mama wa Pweto pesa za chumvi. Bei ya mega ndiyo inayoipa hadithi umbo. Anayesoma juu ya mashabiki wa televisheni wa Ulaya na Marekani ataambiwa habari za watu wanaoangalia kipindi huku wanaandika maoni papo hapo, skrini mbili kwa mara moja. Hapa kwetu mmoja anaangalia na ishirini wanamsikiliza, na skrini inayowaunganisha hao ishirini haionyeshi picha yoyote. Ni jamii ya mashabiki iliyo kamili, ina wakuu wake, ina ugomvi wake, ina mtu aliyetolewa kwenye kundi kwa sababu alitoboa siri ya kipindi cha mwisho kabla ya shangazi kukisimulia.

Usimulizi huo umebadilisha hata namna ya kuangalia. Mama wa Kilwa akija Lubumbashi kuuza samaki, akafikia kwa shangazi na kuketi mbele ya televisheni, tayari anajua nani atakufa na nani ataolewa. Haangalii ili ajue kitakachotokea. Anaangalia ili azione nyuso za watu ambao amezisikia sauti zao kwa kinywa cha mwingine, na mara nyingi husikitika: huyu ndiye? Nilidhani ni mrefu zaidi. Na kutoka hapo anakwenda sokoni na kuomba kitenge cha rangi aliyoiona, au anamwambia msusi amsuke kama fulani, kwa jina la mhusika, na msusi anajua. Muuza kitenge, msusi, muuza mega na mwenye dekoda wote wamepata. Kituo kimepata. Shangazi, ambaye bila yeye wanawake ishirini wasingeijua tamthilia hiyo, amepata shukrani, na wakati mwingine samaki. Sisemi alipwe. Nasema aonekane katika hesabu, maana wanaopima watazamaji wa televisheni huhesabu seti na dekoda, na kwa hesabu hiyo Pweto haitazami kitu.

Nirudi kwenye mpira, kwa sababu kuna usiku mmoja ambapo mashabiki wa Kongo walipambana na televisheni yenyewe. Februari 2024, Kombe la Mataifa ya Afrika likiwa Côte d'Ivoire, vita vilikuwa vinawaka Kivu Kaskazini. Wakongo wengi walilalamika kwenye mitandao kwamba mashabiki wetu wanaonyesha ujumbe wa amani viwanjani na kamera hazigeuki upande wao. Ni vizuri mjue kwamba katika mashindano makubwa picha hutengenezwa na mwandaaji, na vituo vingi huzipokea tu zilivyo; lakini mtu aliyekaa nyumbani anamwona yule anayemlipa kila mwezi, na hasira ikaenda huko. Tarehe 7 Februari tukacheza nusu fainali na wenyeji, Abidjan. Wimbo wa taifa ulipoanza, wachezaji wetu wakaziba midomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili wakavielekeza kwenye kichwa kama bastola. Wakati wa wimbo wa taifa kamera hupita uso hadi uso. Hiyo ni desturi ambayo hakuna anayeweza kuiruka. Hawakuhitaji kuomba nafasi. Waliichukua ile ambayo tayari ilikuwa yao.

Tulifungwa 1–0. Lakini kabla ya saa sita usiku, nusu ya watu walioko kwenye simu yangu walikuwa wamebadilisha picha zao: mkono mdomoni, vidole kichwani. Walimu, mapadri, wachimbaji wa Kolwezi, binti anayeuza unite za simu pale kona. Tangu usiku ule naamini kwamba mashabiki wakikataa kusahau kitu, televisheni italazimika kukifuata. Na ndivyo ilivyokuwa kwa Kuka miaka miwili baadaye. Mechi ya kwanza kamera zilimpata kwa bahati. Simu zikambeba. Mechi za mwisho waongozaji wa picha walikuwa wanamtafuta wenyewe, kila baada ya dakika kadhaa, kwa sababu dunia nzima ilikuwa inauliza kama bado amesimama.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo zaidi, kwa sababu habari ya Kuka ina upande wa pili ambao ni mzito, hasa kwetu Katanga. Baada ya mechi ya Algeria, mchezaji mmoja wa Algeria, Mohamed Amoura, alisimama mbele ya mashabiki wetu, akamwigiza Kuka kwa kuinua mkono, kisha akajiangusha chini. Kipande hicho kilizunguka Kongo yote usiku uleule, na matusi yakafuata ya kila aina, mengine dhidi ya taifa zima la Algeria, nchi ambayo watu wake wamelipa bei kubwa ya damu kwa uhuru wao. Amoura akaandika kwenye mtandao kuomba radhi. Alieleza kwamba hakujua ishara ile ina maana gani. Alidhani ni utani wa mpira.

Watu wengi hawakumwamini. Mimi nilimwamini, na nitawaambia kwa nini. Siku chache baadaye nilimkuta hapa mtoto wa jirani, miaka kumi au kumi na moja, amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono juu, wenzake wakimhesabia dakika. Nikamuuliza: unamwiga nani? Akasema: Lumumba Vea. Nikamuuliza: na Lumumba ni nani? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga, akajibu: ni supota.

Ndugu zangu, Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, aliuawa katika ardhi hii ya Katanga. Tarehe 17 Januari 1961 aliletwa kwa ndege Elisabethville pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, na usiku wa siku hiyo wote watatu wakapigwa risasi porini. Miili ikaharibiwa ili pasibaki kaburi. Kilichobaki ni jino moja, ambalo Ubelgiji ililirudisha kwa familia yake mwezi Juni 2022. Wako wazee humu ndani ambao jina hilo bado linawagawanya, kwa sababu walikulia katika siku za Tshombe, aliyeitenga Katanga, na walisikia mambo mengi kutoka pande mbili. Siwaombi mkubaliane. Lakini mtoto wa Pweto, aliyezaliwa katika mkoa ule ule alimouawa mtu huyu, anamjua kama shabiki wa mpira. Kama mtoto huyo hajui, kwa nini Amoura wa Algeria ajue?

Kipande cha video kilibeba mkono ulioinuliwa. Sababu ya mkono kuinuliwa haikuingia katika sekunde thelathini. Na mashine zinazotupangia video zimetengenezwa hivyo: zinapima muda uliokaa kuitazama, kama umeirudia, kama umeituma kwa mwingine, kisha zinakuletea inayofanana nayo. Mkono unatazamwa na kurudiwa. Maelezo ya mwaka 1961 yanarukwa, na kile kinachorukwa mashine inaacha kukileta. Haina chuki na Lumumba. Haimjui tu.

Lakini mtoto yule alikuwa na kitu ambacho mashine haina. Babu yake alikuwa amekaa hatua tano kutoka kwenye ndoo ile. Alisikia jibu, akamwita, akamkalisha, na jioni ile nilimwacha anamsimulia. Bila Kuka na bila simu, babu yule asingepata sababu ya kuisimulia habari hiyo kwa mjukuu ambaye masikio yake kwa kawaida yako kwingine. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa na kuilaani simu. Ilifungua mlango. Ila aliyeingia na kukaa alikuwa mtu.

Sasa niseme juu ya kitu ambacho hakuna simu iliyokifungulia mlango.

Vijana mlio nyuma, inueni mikono mnaomjua Kidiaba. Naona wote, hata wale ambao mwaka 2010 walikuwa hawajazaliwa. Mnamjua kwa sababu kipande kipo, na kila Mazembe wakishinda mtu anakituma tena. Sasa inueni mikono mnaomjua Mufwankolo. Naona wazee. Naona papa yule, naona mama wawili, na kijana mmoja ambaye nadhani anamtazama baba yake.

Mufwankolo lilikuwa jina la mchekeshaji na la kundi lake la michezo ya kuigiza, Lubumbashi. Kwa miaka mingi kundi lile lilicheza redioni, kisha kwenye televisheni, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kile kile cha migodini na sokoni, chenye Kifaransa na Kibemba ndani yake. Walicheza habari za ulevi, za mahari, za wakubwa wanaokula pesa za watu, za mume anayeficha mshahara. Johannes Fabian, profesa wa elimu ya tamaduni, mwaka 1986 alikaa nao wakati wanatengeneza mchezo mmoja uliotokana na msemo kwamba utawala huliwa mzima, haugawanywi. Aliwafuata tangu mazungumzo ya kwanza hadi maonyesho, na mwaka 1990 akachapisha kitabu kizima juu ya kazi ile. Mtafiti alivuka bahari kuja kujifunza falsafa ya utawala kwa wachekeshaji wetu. Baba zetu walikuwa wakiahirisha chakula ili wasipitwe na mchezo wao. Hiyo ilikuwa jamii ya mashabiki wa televisheni, yetu wenyewe, kwa lugha yetu, miaka mingi kabla ya dekoda ya kwanza kufungwa juu ya bati la nyumba ya Katanga.

Leo ukitafuta kazi zao kwenye simu utapata kidogo sana ukilinganisha na miaka waliyofanya kazi. Kanda za wakati ule zilikuwa ghali na zilitumika tena na tena, mchezo mpya ukirekodiwa juu ya ule wa zamani. Nyingine zimeoza. Nyingine, na hili nalijua kwa sababu nimeona kwa macho yangu, ziko katika masanduku ya nyumba za watu: kaseti za sauti zilizorekodiwa kutoka redioni, kanda za video zilizonakiliwa kwa ajili ya sherehe ya arusi na ambazo ndani yake, baada ya arusi, mtu alirekodi mchezo wa jioni. Zinangoja mashine ya kuzichezesha, na mashine hizo zinakwisha.

Matokeo yake ni kwamba kijana wa Pweto anayetaka kuchekesha kwenye TikTok anajifunza kwa Mnigeria na kwa Mwivoari, ambao nawaheshimu, na hajui kwamba mji mkuu wa mkoa wake ulikuwa na shule nzima ya ucheshi. Anaanza sifuri. Na kwa kuwa anaanza sifuri, anapiga kelele, anaanguka, anamzaba mwenzake kofi, maana hayo ndiyo yanayoonekana katika sekunde kumi. Mufwankolo angemfundisha kunyamaza mahali panapofaa.

Mtaniambia: acha kanda, weka kila kitu kwenye mitandao na mambo yatakuwa sawa. Nakubali nusu. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kote na haikurudi mpaka Januari 2019 ilipokuwa imepita katikati. Karibu siku ishirini. Kundi la shangazi lilinyamaza, na wanawake wale hawakujua habari za tamthilia wala za watoto wao walioko mbali. Jamii inayoishi ndani ya simu peke yake inaishi katika nyumba ambayo ufunguo wake ameushika mtu mwingine. Kwa hiyo tuweke kwenye mitandao, na tuweke pia nakala mkononi: kwenye flashi, kwenye kompyuta ya shule, kwenye kadi ya simu ya yule kijana mwenye vipande saba. Hapa Pweto tunajua maana ya kuondoka ghafla. Desemba 2000 vita vilipofika hapa, watu walivuka kuelekea Zambia na kile walichoweza kubeba kichwani, na picha za ukoo hazikuwa za kwanza kubebwa.

Kwa vituo vya televisheni vya Lubumbashi, kama maneno haya yatawafikia yakiwa yamechapishwa, nina ombi moja. Mashabiki wenu hawakai tena mbele yenu kungoja saa mbili usiku. Watengenezeeni michezo ya Kiswahili chetu ambayo ikikatwa kipande bado ina maana, na mwisho wa kipande muandike jina la mchezo, la mwigizaji na la mji. Shabiki ataituma bure, msimzuie. Na nyinyi mnaotuma, msiyafute majina hayo ili muweke yenu.

Kwenu wa Pweto ombi langu ni dogo zaidi na linaweza kuanza leo. Mwenye kaseti au kanda ya zamani nyumbani, yenye sauti ya Mufwankolo, ya Mazembe, ya mchezo wowote wa redio au televisheni ya Katanga, asiitupe na asiichezeshe kwenye mashine mbovu. Ailete. Nimekuja na chombo cha kaseti na cha kunakilia, na kitabaki hapa kwa wiki mbili; kanda za video nitazichukua kwenda kuzinakili Lubumbashi na kuzirudisha kwa mikono yangu. Kila mwenye kanda atapata nakala yake. Vijana wawili wanaojua kutumia kompyuta watanisaidia, na nahitaji wa tatu. Meza iko pale karibu na mlango, upande wa kushoto mnapotoka.